Taa ya oili na pedali ngumu ya breki kwenye Hilux ya zamani: ni hitilafu mbili au moja?

Mkulima wa Lushoto:

Nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni. Ninayo pikapu ya Toyota Hilux ya mwaka 1994, yenye injini ya dizeli ya 3L isiyo na tabo. Kazi yake ni kuteremsha kabichi, karoti na nyanya kutoka Lushoto hadi Mombo, kwenye ile barabara ya kona yenye kilomita zipatazo 33, mara tatu au nne kwa wiki, ikiwa na shehena ambayo sitautaja uzito wake kwa sababu najua mtanikemea. Dereva wake ni mpwa wangu, ingawa mara kwa mara huwa nakaa naye mbele na nimeyaona mwenyewe haya ninayoyaeleza.

Kwa muda wa mwezi mmoja sasa, gari hili limekuwa na matatizo mawili. La kwanza ni taa nyekundu ya oili. Asubuhi injini ikiwashwa taa huzimika mara moja, lakini tukishaipita Soni huanza kuwaka na kuzima kwenye kona kali, na tukisimama Mombo injini ikiwa ya moto huwaka kwa sekunde kadhaa bila kuzima. Tukiendelea na barabara kuu kuelekea Korogwe, ambako ni tambarare, haionekani kabisa. La pili ni breki. Nikikanyaga mara ya kwanza na ya pili pedali huitika vizuri, lakini ya tatu au ya nne, hasa kona zikifuatana, huwa ngumu kama jiwe na gari hukataa kupungua mwendo mpaka dereva ajiinue kwenye kiti. Maji ya breki hayapungui, wala gari halivuti upande wowote.

Niongeze kwamba kila wiki ninatia oili karibu nusu lita, ingawa sioni tone lolote pale linapolala, na bomba la moshi halitoi moshi wa samawati. Fundi mmoja aliniambia pistoni na pampu ya oili zimekwisha, hivyo injini ifunguliwe yote. Mwingine alisema tatizo ni masta ya breki (pampu inayosukuma maji ya breki pedali ikikanyagwa), nami nikanunua mpya, ikafungwa, na hali ikabaki ileile. Kabla sijatoa fedha nyingine naomba kuuliza: nianzie wapi, na je, mambo haya mawili yanaweza kuwa na uhusiano wowote?

Fundi Dizeli, Tanga:

Marahaba, na pole kwa usumbufu. Kwanza, gari hilo lisiteremke mlima huo na mzigo mpaka liwe limepimwa. Breki inayokataa mara ya tatu, kwenye barabara yenye kona kama zile, haifai kuvumiliwa kwa sababu ya msimu wa mavuno.

Masta ya breki inapochakaa ndani, maji hupita pembeni ya mipira yake na pedali huzama polepole kuelekea sakafuni ukiwa umeishikilia. Upepo ukiwamo kwenye mabomba, pedali huwa laini kama sifongo. Pedali yako haizami wala si laini, bali inakuwa ngumu, na ugumu wa namna hiyo kwa kawaida humaanisha kwamba busta, yaani kifaa kinachouongezea nguvu mguu wa dereva kwa mvuto wa hewa, haipati nguvu ya kukusaidia. Kwa hiyo fundi wako wa pili alitibu ugonjwa ambao gari halikuwa nao.

Injini ya petroli hupata mvuto wa busta kutoka kwenye njia yake ya kuingizia hewa, kwa sababu ina kilango kinachojifunga dereva anapoachia mafuta. Dizeli kama 3L haina mvuto wa kutosha huko, hivyo imewekewa pampu yake ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, na Toyota waliifunga pampu hiyo mgongoni mwa alteneta (mashine inayochaji betri), ikizungushwa na shafti ileile. Sasa sikiliza vizuri: pampu hiyo hulainishwa na oili ya injini. Kuna bomba jembamba linaloiletea oili kwa msukumo wa injini, na mpira mnene unaoirudisha kwenye sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini. Ndani yake mna mapezi yanayoteleza kwenye ukuta wa pampu, na oili hiyo ndiyo pia inayoziba nafasi ndogo kati ya mapezi na ukuta ili mvuto upatikane.

Unaona tunakoelekea. Sili (mpira wa kuzuia oili isipite) kati ya pampu na alteneta ikichoka, oili hupenya na kuingia ndani ya alteneta, na feni yake huirusha nyuma na chini, ikanata kwenye chasi na vumbi, hivyo huwezi kuona tone pale gari linapolala. Kiwango cha oili kikishuka kwenye sampo, gari likiinama mlimani na kuyumba kwenye kona, oili iliyobaki hukimbilia mbele na pembeni, mdomo wa kunyonyea hubaki ukivuta hewa, na taa huwaka. Kwenye tambarare oili hutulia na taa huzimika. Pampu nayo ikikosa oili ya kutosha, au mapezi yake yakiwa yamelika, hushindwa kuijaza busta upya kati ya mkanyago mmoja na mwingine. Busta huwa na akiba ya mikanyago michache tu, na ndiyo maana ya kwanza na ya pili ni nzuri, ya tatu ni jiwe.

Usiniamini mpaka upime. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano hivi mpaka iwe ngumu, bakiza mguu juu yake, kisha washa injini. Pedali inapaswa kushuka kidogo yenyewe muda mfupi baada ya injini kuwaka. Ikichelewa sana, au isiposhuka, mvuto ni hafifu au haupo. Baada ya hapo, kanyaga pedali injini ikiwa inanguruma, zima injini huku umeishikilia, na uhesabu sekunde 30. Pedali ikikusukuma mguu kwenda juu, busta au vali yake ya kuzuia mvuto usirudi inavuja, ikitulia, busta ni nzima na mashaka yanarudi kwa pampu. Chomoa pia mpira unaotoka kwenye pampu uangalie ndani kama una oili, na uitazame alteneta kwa nyuma. Usisahau mkanda wa feni, kwa sababu ukilegea, pampu huzunguka kwa kusuasua hata kama ni mpya.

Nina swali moja la mwisho: je, taa ya betri nayo imewahi kuonekana?

Msafiri wa Korogwe:

Naheshimu maelezo ya Fundi, na huenda yuko sahihi, lakini naogopa kidogo jinsi yanavyopendeza. Kisa kikipangika vizuri hivyo, mtu hununua pampu ya vakyumu kama alivyonunua masta. Kuna mambo matatu ambayo ningeyaondoa njiani kwanza.

Moja, pedali ngumu mlimani si lazima iwe busta. Pedi za mbele zikipata joto kupita kiasi hupoteza mshiko, na dereva huona kwamba anakanyaga kwa nguvu zote na gari haliitiki. Hilo nalo huja baada ya mikanyago kadhaa mfululizo, kwa hiyo dalili inafanana sana na aliyoieleza muulizaji. Ili kuzitofautisha, simameni mahali salama huku injini ikiendelea kunguruma, msubiri dakika moja, kisha mkanyage tena. Pedali ikirudi kuwa nyepesi ilhali magurudumu bado ni ya moto, tatizo ni mvuto. Ikiwa kuna harufu ya kuungua na breki bado haishiki, tatizo ni joto. Pedali ikizama sakafuni baada ya mteremko mrefu, hayo ni maji ya breki yaliyochemka. Maji ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kuanzia nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishanyonya unyevu wa hewani kiwango hicho kinaweza kushuka mpaka 140 hivi, na magari mengi ya zamani yanatembea na maji ambayo hayajabadilishwa tangu yaingie nchini.

Pili, Hilux hiyo ina vali karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na fimbo, ambayo kazi yake ni kuongeza nguvu ya breki za nyuma gari linapobeba mzigo. Mara nyingi huwa imeganda kwa kutu, au fimbo imekatika na mtu akaifunga kwa waya. Hapo dramu za nyuma hufanya kazi ndogo, mzigo wote wa kusimamisha gari huangukia pedi za mbele, na joto nililolitaja huja mapema zaidi. Ingia uvunguni uitazame, haikugharimu chochote.

Tatu, taa ya oili haipimi oili. Ni swichi tu yenye waya mmoja, inayojifunga msukumo unaposhuka chini sana. Ukichomoa waya huo taa ikiwa inawaka na taa isizimike, waya umegusa bodi mahali fulani. Ikizimika, ama swichi ni mbovu ama msukumo kweli ni mdogo, na hilo haliwezi kuamuliwa kwa macho. Toa swichi, funga geji ya kupimia mahali pake, na upime injini ikiwa ya moto. Kwa injini hii msukumo usipungue psi 4 (psi ni kipimo cha msukumo) injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta, na kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika uwe kati ya psi 36 na 85. Mtu anayekuambia ufungue injini yote kabla ya kufunga geji hiyo amekisia tu.

Kijana wa Lori:

Wakuu, mbona mnamzungusha ndugu huyu? Atie oili nzito zaidi na kopo moja la dawa ya kuongeza msukumo, taa itazimika siku hiyohiyo.

Fundi Dizeli, Tanga:

Ni kweli itazimika, ndugu, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu oili itaendelea kupotea kama kawaida na hatakuwa na kitu cha kumwonya.

Msafiri, nakubaliana nawe kuhusu geji, na ile vali ya nyuma nilikuwa nimeisahau kabisa.

Mkulima wa Lushoto:

Ndugu zangu, nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka nirudi na vipimo na si maneno. Gari tuliliteremsha Mombo likiwa tupu, asubuhi na mapema, kwa gia ya pili tangu mwanzo hadi mwisho.

Niseme kwanza kuhusu taa ya betri, kwani swali hilo lilinishtua. Ndiyo, imekuwa ikiwaka kwa mwanga hafifu usiku kwa wiki kadhaa. Sikuitaja kwa kuwa niliiona ni habari nyingine kabisa. Tulipoitazama alteneta kwa nyuma tulikuta tope la oili na vumbi jeusi limeganda mpaka kwenye chasi, zito kiasi kwamba ilibidi tulikwangue kwa bisibisi. Mpira wa mvuto una oili ndani, ingawa si nyingi. Mkanda wa feni hauna tatizo.

Kipimo cha kwanza cha pedali: baada ya kuwasha injini ilichukua kama sekunde kumi ndipo pedali ikashuka. Kipimo cha sekunde 30: haikusogea hata kidogo. Tulipopima mvuto wa pampu yenyewe kwa geji pale Mombo tulipata milimita 350 za zebaki. Stiki ya oili, gari likiwa kwenye tambarare, ilionyesha oili iko chini ya alama ya chini, ilhali nilitia siku tatu kabla. Tukajaza mpaka alama ya juu, tukafunga geji ya oili, na injini ikiwa ya moto tukapata psi 8 bila kukanyaga mafuta na psi 44 kwenye mizunguko 3,000. Fundi aliyetuazima geji alicheka aliposikia kwamba injini hiyo ilikuwa ifunguliwe.

Ile vali ya nyuma, Msafiri, fimbo yake imefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Sijui ni nani aliyefanya hivyo wala lini. Pedi za mbele zimebaki nyembamba sana na uso wake unang'aa kama kioo.

Kuna jambo jingine ambalo sikulijua na ambalo mpwa wangu alinieleza kwa kusitasita, baada ya kusoma maelezo yenu. Ninapokuwa simo garini, huteremka akiwa ametoa gia, ili kuokoa dizeli. Naomba mnieleze kama hilo nalo limechangia.

Fundi Dizeli, Tanga:

Limechangia sana, na mwambie kijana kwa upole kwamba dizeli anayoiokoa ni ndogo mno, pengine hakuna kabisa, kwa sababu injini inayosukumwa na magurudumu ikiwa kwenye gia, dereva akiachia mafuta, pampu ya dizeli hupunguza sana au kukata kabisa mafuta inayoyapeleka. Akitoa gia, injini hushuka mpaka mzunguko wake wa chini kabisa. Hapo msukumo wa oili ni mdogo kuliko wakati wowote, alteneta na pampu yake ya vakyumu huzunguka polepole, na injini haisaidii tena kulizuia gari, hivyo breki hubeba kazi yote wakati zenyewe zimepungukiwa na msaada. Pampu nzima ingevumilia hali hiyo kwa muda, yako haiwezi.

Milimita 350 pale Mombo ni chache mno. Pampu nzuri ingefika karibu 600 mahali hapo. Ukipima tena ukiwa Lushoto usishangae kukuta pungufu, kwa kuwa huko ni juu zaidi kwa karibu mita 1,000, na kwa tofauti hiyo ya hewa peke yake geji hupungua kama milimita 80. Linganisha vipimo vya mahali pamoja.

Kwa kuwa oili imekwisha kuingia ndani ya alteneta na kulowesha brashi zake, mimi nisingebadilisha mapezi na sili peke yake. Tafuta alteneta kamili pamoja na pampu yake, ya mtumba iliyo nzima au mpya ukiweza. Hakikisha ni ya volti 12, maana kuna alteneta za malori zinazofanana nayo sana kwa sura lakini ni za volti 24. Mpira wa kurudisha oili uwe mpya na usiwe umekunjika, kwani ukiziba, oili hujaa ndani ya pampu na kutafuta njia ya kwenda kwenye busta. Weka washa (pete za kuzibia) mpya za shaba kwenye bomba jembamba. Safisha mpira wa mvuto mpaka ukauke, kwa sababu mpira wa ndani ya busta haupatani na oili ya injini. Kabla ya kufunga pampu, mimina oili kidogo ndani yake na uizungushe kwa mkono, isije ikaanza kazi ikiwa kavu.

Msafiri wa Korogwe:

Nimeridhika kuhusu pampu. Kwenye breki nina ombi moja: ile vali ya nyuma, mkishairudishia fimbo yake, ina nati yake ya kutolea upepo, na wengi huiruka. Masta ilipobadilishwa ni karibu hakika kwamba haikuguswa. Toeni upepo kwenye magurudumu yote na hapo pia, mkitumia maji mapya kutoka kwenye kopo lililofunguliwa siku hiyo. Na tafadhali asitokee mtu wa kuongezea oili ya usukani au ya injini kwenye kikombe cha maji ya breki kwa sababu imepatikana karibu. Mipira yote huvimba, na baada ya siku chache breki hukataa kuachia, na hapo utabadilisha kila kitu kuanzia masta mpaka magurudumuni.

Mkulima wa Lushoto:

Nimerudi kutoa taarifa. Alteneta na pampu yake vilipatikana Dar es Salaam, Gerezani, vya mtumba, na fundi alivifunga kwa muda wa saa nne pamoja na kukwangua lile tope. Fimbo ya vali ya nyuma imepatikana pia, pedi za mbele ni mpya, dramu zimefunguliwa na kusafishwa, na maji ya breki yamebadilishwa yote. Yale yaliyotoka kwenye nati ya vali yalikuwa na rangi ya chai ya rangi.

Geji ya mvuto sasa inasoma milimita 590 Mombo. Wiki mbili zimepita, gari limeteremka mara sita likiwa na mzigo ambao safari hii naweza kuutaja bila aibu, magunia 12 ya kabichi, na mpwa wangu anatumia gia ya pili. Oili haijashuka chini ya alama ya juu kwa kiasi cha kuonekana. Taa nyekundu huwaka ufunguo unapozungushwa na kuzimika injini inapowaka, basi. Kwenye zile kona za chini ya Soni nilikanyaga breki mara saba mfululizo kwa makusudi, na ya saba ilikuwa nyepesi kama ya kwanza.

Masta ya zamani niliyoibadilisha bure bado ninayo. Mwenye Hilux ya aina hii akiihitaji anijulishe, kwani kumbe ilikuwa nzima.